Vilima vya Pugu: tuvitembelee bila kuvimaliza

(Mazungumzo ya wiki yaliyotangazwa redioni, yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Mkazi wa Jangwani au Kigogo anapoona maji ya mto Msimbazi yanapanda, hali mtaani kwake mvua iliyonyesha ni ya kawaida tu, huuliza: maji yote haya yametoka wapi? Jibu ni kwamba yametoka juu. Yametoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ambako mto huo unaanzia, yakateremka kilomita zipatazo 35 kupita nyuma ya nyumba za watu, viwanda na masoko, hadi baharini karibu na daraja la Salenda. Kwa hiyo mti unaokatwa leo kwenye kilima nyuma ya Chanika unamhusu mtu anayelala Jangwani, ingawa watu hao wawili hawajawahi kuonana.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya vilima hivyo. Nina swali moja ambalo limeanza kusikika kila wakati watu wa mjini wanapotafuta mahali pa kupumzika siku za Jumamosi na Jumapili. Swali lenyewe ni hili: je, misitu ya vilima tuifunge kabisa ili ipone, au tuwaruhusu watu waende kutembea, kupanda, kuendesha baiskeli na kulala kwenye mahema? Na kama tutawaruhusu, waende kwa utaratibu gani?

Kwanza tuvifahamu vilima vyenyewe. Mtu wa Dar es Salaam akisikia habari za milima, mawazo yake huenda Kilimanjaro, Meru, Usambara au Uluguru. Vilima vya Pugu havilingani na hiyo hata kidogo. Vilele vyake viko kiasi cha mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Lakini kwa jiji lililojengwa ufukweni, hiyo ndiyo milima yetu. Msafiri anayepanda daladala Gongo la Mboto hufika Pugu Kajiungeni, na hapo barabara hugawanyika: moja huelekea Kisarawe, nyingine Chanika. Pande hizo ndiko iliko misitu miwili ya hifadhi, Pugu na Kazimzumbwi. Kazimzumbwi ndio uliopakana na Chanika na vitongoji vyake. Yote miwili ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1954, wakati wa Waingereza, na kwa pamoja ina hekta zipatazo 7,200. Shule ya Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955, iko katika vilima hivyo hivyo.

Misitu hii ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Ipo mimea ambayo wataalamu wameipa jina la Pugu kwa sababu hapo ndipo walipoitambua kwa mara ya kwanza. Yupo pia komba mdogo aitwaye komba wa Rondo, mwenye uzito usiofika gramu 100, ambaye wanasayansi walimweleza rasmi mwaka 1996. Komba huyu anaishi katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na wala hapatikani mahali pengine popote duniani. Amekwisha kutajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio katika hatari kubwa kuliko wote ya kutoweka. Mnyama wa namna hiyo analia usiku katika msitu ambao mtu anaweza kuufikia kwa daladala.

Sasa tuelezane jinsi kilima chenye msitu kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye ufunguo wa mazungumzo haya. Mvua inaponyesha msituni, matone hayapigi ardhi moja kwa moja. Hupokelewa na majani ya juu, yakadondokea majani ya chini, ndipo yakafika kwenye takataka za majani makavu zilizotandaa kama mkeka. Chini ya mkeka huo kuna udongo laini wenye mizizi, minyoo na matundu mengi. Maji huingia humo polepole, yakazama, kisha yakatokea chini ya kilima baada ya siku nyingi yakiwa chemchemi. Ndiyo maana kijito kinachotoka msituni huendelea kutiririka hata mvua ikiwa imekatika.

Ukate msitu ule, uchome majani, uache udongo uchi. Mvua ile ile sasa hupiga ardhi kwa nguvu. Udongo wa vilima hivi ni wa mchanga uliochanganyika na ufinyanzi mweupe, na ukishapigwa na mvua huziba matundu yake au humomonyoka. Maji yanakosa pa kuingia. Yanateremka yote kwa pamoja, yakibeba mchanga, na kwenda kuujaza mto huko chini. Mto uliojaa mchanga hauna nafasi ya maji, kwa hiyo maji hupanda na kuingia majumbani. Halafu jua likiwaka miezi miwili, kijito kile kile kinakauka. Hasara inakuwa mara mbili: mafuriko wakati wa masika na ukame wakati wa kiangazi.

Hatuna haja ya kubahatisha juu ya hasara hiyo. Mwezi Desemba mwaka 2011 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yamerudi mara kadhaa tangu hapo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde la Msimbazi. Sisemi kwamba mafuriko yote yanatokana na miti iliyokatwa Pugu. Ujenzi mabondeni, takataka kwenye mifereji na paa nyingi za mabati nazo zina sehemu yake. Lakini kutengeneza mto huku chini na kuacha chanzo chake kikimomonyoka kule juu ni sawa na kudeki sakafu hali bomba bado liko wazi.

Nani basi ameimaliza misitu hii? Ni rahisi kumnyooshea kidole mchoma mkaa aliyekutwa na gunia lake. Tusimame kidogo tuhesabu. Mwaka 1988 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu kiasi cha milioni 1.4. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3. Watu wote hao wanahitaji kupika na wanahitaji mahali pa kulala. Watafiti waliofuatilia misitu ya pwani kati ya mwaka 1991 na 2005 walikuta kwamba wimbi la uharibifu lilisonga umbali wa kilomita 120 kutoka Dar es Salaam katika miaka 14, yaani karibu kilomita 9 kila mwaka. Mpangilio wake ulikuwa huu: kwanza huondoka miti ya mbao za thamani, kisha hufuata mbao za bei nafuu, na mwisho huja tanuru la mkaa ambalo halichagui mti. Pugu na Kazimzumbwi, kwa kuwa viko mlangoni mwa jiji, vilipitiwa na wimbi hilo mapema.

Baada ya mkaa likaja suala la viwanja. Chanika ya leo siyo ile ya mashamba ya mihogo na mikorosho. Ni mji. Watu waliokosa nafasi Buguruni, Tandika na Manzese wamekwenda kujenga huko, na mgogoro wa mpaka baina ya msitu wa Kazimzumbwi na wakazi wa upande wa Chanika umedumu kwa miaka mingi. Wapo waliolima ndani ya hifadhi, wakaondolewa, wakarudi, wakaondolewa tena. Wapo waliouziwa ardhi na watu ambao hawakuwa na mamlaka ya kuiuza. Katika mambo hayo machozi ni mengi, na si haki kuyasimulia kana kwamba upande mmoja ni wa wahalifu watupu na upande wa pili ni wa malaika.

Katika miaka ya karibuni Serikali imeipandisha hadhi misitu hii miwili na kuiunganisha kuwa hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hadhi hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ni ya juu kuliko ya msitu wa hifadhi wa kawaida. Miti haivunwi. Kinachoruhusiwa ni utafiti, elimu na utalii unaofuata masharti. Hapo ndipo swali letu linaporudi kwa nguvu, maana neno utalii sasa limo ndani.

Kuna mawazo ya aina mbili juu ya jambo hili, na yote mawili yanastahili kusikilizwa.

Wazo la kwanza ni la wale wanaosema: funga. Msitu huu umejeruhiwa, wanasema, na mgonjwa hapelekewi umati wa watu wodini. Wanaotoka mjini watakuja na spika za muziki, chupa za plastiki, majiko ya nyama choma na magari. Watakanyaga miche inayoota. Watamfukuza komba. Afadhali askari wa misitu walinde mpaka, na kilima kiachwe kipone chenyewe.

Wazo la pili ni la wale wanaosema: fungua. Msitu ambao raia wema hawaingii, wanasema, huingiwa na wenye mapanga peke yao, kwa sababu hakuna macho ya kuwaona. Mtoto wa Ilala ambaye hajawahi kukanyaga msitu hatautetea atakapokuwa mkubwa. Tena fedha ya kiingilio inaweza kulipa mishahara ya walinzi.

Mimi naona kuna sauti ya tatu ambayo mara nyingi haisikiki, nayo ni ya jirani wa Chanika au Kisarawe. Huyu amekatazwa kuokota kuni ovyo, kuchunga na kulima. Halafu Jumapili anaona magari yakipita mlangoni kwake kwenda kustarehe ndani ya msitu ule ule aliokatazwa. Akiuliza faida yake ni nini, hupewa hotuba. Ndugu wasikilizaji, tusidanganyane. Hifadhi yoyote ambayo jirani yake anaiona kuwa ni starehe ya watu wa mbali, hifadhi hiyo haina mlinzi, hata ikizungushiwa askari mia moja.

Tutazame wenzetu walifanyaje. Jijini Nairobi kuna msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kwa watu binafsi ili wajenge. Mwezi Januari mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kuumizwa walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji huo. Msitu ulisalimika, lakini kwa miaka kadhaa baadaye uliogopwa. Ulikuwa mahali pa majambazi na wakata miti. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha marafiki wa Karura, kikashirikiana na idara ya misitu ya Kenya. Wakajenga uzio, wakatengeneza njia za kutembea na za baiskeli, wakaweka kiingilio, na wakaajiri vijana wa mtaa jirani wa Huruma kuwa walinzi. Leo familia nyingi hutembea Karura kila siku. Watembezi wenyewe wamekuwa walinzi, maana mkata mti hapendi kuonekana.

Lakini hata Karura hapakosi mikwaruzano. Mwaka 2025 ulizuka ubishi mkubwa kuhusu nani apokee na kusimamia fedha za kiingilio, na shauri likafika mahakamani. Nalitaja ili tujue kwamba utaratibu wa fedha unahitaji kuwekwa wazi tangu mwanzo, kabla fedha hazijawa nyingi.

Sasa tugeuke upande wa pili. Wale wanaosema watembezi wanaharibu, je, wanasema uongo? Hapana. Mguu wa binadamu nao una madhara yake. Mtu mmoja akipita juu ya majani makavu, hakuna kinachotokea. Wakipita watu mia tano mahali hapo hapo, majani husagika, udongo hushindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, na mizizi huachwa wazi. Mvua ya kwanza hugeuza njia kuwa mfereji. Watembezi wanaofuata hukwepa tope, wakapita pembeni, na pembeni nako kukafa. Baada ya miaka michache njia ya upana wa hatua moja inakuwa korongo la upana wa barabara. Pikipiki na baiskeli zinazoteremka kwa breki huharakisha kazi hiyo zaidi.

Waingereza wanalifahamu vizuri jambo hili. Mwaka 1932 vijana wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani walivamia kwa miguu mlima wa Kinder Scout, ambao ulikuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya uwindaji wao wa ndege. Vijana watano walifungwa jela. Lakini hatimaye wenye kudai haki ya kutembea walisikilizwa, na mwaka 1951 eneo hilo likawa ndani ya hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo. Ushindi huo ulileta shida mpya. Watembezi wakawa wengi mno, na njia za mlimani zikachimbika vibaya. Ikabidi mawe mapana yaliyotolewa kwenye sakafu za viwanda vya zamani vya nguo yapandishwe mlimani kwa helikopta na kutandazwa, ili watu wote wapite mstari mmoja na majani yaliyo pembeni yapone. Haki ya kutembea ilibaki, lakini ilipewa njia yake.

Hapa kwetu Kilimanjaro ina masharti yake pia. Wapandaji hawaruhusiwi kukata kuni, takataka hushushwa chini, na mzigo wa mpagazi hupimwa usizidi kilo 20. Masharti hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kusumbua watu. Mwezi Oktoba mwaka 2020 moto mkubwa uliteketeza uoto wa mlima huo kwa siku kadhaa, na taarifa za mwanzo zilieleza kuwa ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Moto mdogo wa kupasha chakula uliita mamia ya watu kwenda kuuzima. Kwenye kilima kikavu cha Kazimzumbwi mwezi wa Septemba, kipande cha sigara kinatosha.

Uganda nao wametuachia somo ambalo linagusa Pugu moja kwa moja, kwa sababu Pugu kuna mapango ya popo yaliyotokana na uchimbaji wa zamani wa ule ufinyanzi mweupe. Katika hifadhi ya Queen Elizabeth lipo pango lenye popo wengi na chatu. Watalii walikuwa wakiingia. Mwaka 2008 mtalii mmoja kutoka Uholanzi aliugua homa ya Marburg baada ya kuingia humo, akafariki. Pango likafungwa, na baadaye pakajengwa kibanda cha kutazamia kwa mbali, mtu akawaona popo bila kuwagusa wala kuwasumbua. Sisi tumekwisha kupata mlipuko wa Marburg Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Sina nia ya kumtisha mtu juu ya popo, ambao hula wadudu na kusambaza mbegu. Nasema tu kwamba kuingia pangoni na watoto, kupiga kelele na kushika kuta ni jambo la kuachwa. Popo atazamwe kutoka nje.

Mifano hii yote inatupeleka mahali pamoja: kilima kinaweza kupokea wageni, mradi kuwe na njia, idadi na jirani mwenye faida. Niyaeleze hayo matatu.

Njia. Wenye kusimamia hifadhi wachague njia chache, wazitengeneze vizuri, na zilizobaki zifungwe zikafukiwe na majani. Njia isiteremke moja kwa moja kwenye mtelemko, bali ikate kilima kwa ubavu, na kila hatua kadhaa iwe na kizuizi cha gogo au jiwe kinachogeuza maji pembeni. Wakati wa masika, njia zenye udongo tepetevu zipumzishwe. Bwawa la Minaki na maeneo ya kupigia mahema yana uwezo wa kubeba watu wengi. Vilele vyenye msitu mnene havina uwezo huo, na viachiwe komba.

Idadi. Vikundi vya mazoezi vya Dar es Salaam, ambavyo siku hizi viko karibu kila mtaa, huweza kuleta watu mia mbili kwa siku moja. Ni jambo jema kwa afya zao. Lakini kundi la namna hiyo litoe taarifa mapema, lipangiwe siku na njia, na ligawanywe. Muziki wa spika ubaki mjini, ambako upo wa kutosha. Mtembezi naye ana wajibu wake, na si mgumu: alipe kiingilio kwenye lango halali na kudai risiti, asitoke nje ya njia, asiwashe moto pasipoonyeshwa, asing'oe mmea wala kumlisha mnyama, na kila alichokuja nacho arudi nacho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni mwaka 2019, lakini chupa za maji bado zipo. Chupa iliyojaa ilipanda kilima bila taabu. Ikiwa tupu haina uzito wa kumshinda mtu kuishusha.

Jirani. Hapa ndipo penye uzito wote. Vivutio vinavyojulikana zaidi, yaani bwawa na mapango, viko upande wa Pugu na Kisarawe. Upande wa Chanika umejulikana zaidi kwa ugomvi wa mipaka. Kwa nini wageni wasipangiwe njia inayoanzia upande wa Chanika? Waongozaji wawe vijana wa huko waliofundishwa majina ya miti na ndege. Chakula cha wageni kipikwe na mama lishe wa huko badala ya kubebwa kutoka mjini. Mizinga ya nyuki iwekwe pembezoni kwa vikundi vilivyosajiliwa. Na sehemu ya mapato itajwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa, kwa shilingi, ikionyeshwa imefanya nini: darasa, kisima au zahanati. Jirani akiona shilingi hiyo kwa macho yake, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kupiga simu usiku anaposikia msumeno.

Kuna watakaosema kwamba jirani tayari amefanya makosa, amevamia, hastahili zawadi. Nawajibu kwamba hii siyo zawadi. Anayekaa mpakani ndiye anayeona nani ameingia na nani ametoka. Kazi hiyo ya kuona ina thamani, na mwenye kuifanya analipwa.

Ndugu wasikilizaji, ningekuwa mnafiki kama ningewapa mawaidha watu wa Chanika na kuwaacha watu wa Kariakoo, Sinza na Mbezi. Kila gunia la mkaa linalouzwa mjini limetoka kwenye mti fulani, na inakadiriwa kwamba jiji hili peke yake limekuwa likitumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni zuri, ila gesi ina bei yake, na mwenye kununua mkaa wa kopo kila siku hawezi kununua mtungi kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye uwezo na aanze. Mwenye nyumba anayepika maharage kwa mkaa hali mtungi wa gesi umesimama jikoni kama pambo, huyo ana deni kwa vilima vya Pugu.

Jambo jingine linawahusu wanunuzi wa viwanja. Ukionyeshwa kiwanja cha bei rahisi upande wa Chanika, Buyuni au Zingiziwa, na nyuma yake kuna pori zuri lenye kivuli, usitoe fedha kwa ahadi ya dalali au kwa karatasi ya mkono peke yake. Uliza mawe ya mpaka wa hifadhi yako wapi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, kisha uende kwa Bwana Misitu, ukawaulize kwa namba na ramani. Usumbufu wa siku mbili ni nafuu kuliko kuona nyumba ya jasho lako ikivunjwa, na nafuu pia kuliko kushiriki, bila kujua, kula kipande cha mwisho cha msitu.

Na walimu wa shule za jiji, mnapopanga safari za wanafunzi, Mikumi na Bagamoyo ni pazuri, lakini ni mbali na gharama yake ni kubwa. Pugu ni nauli ya daladala. Mpeleke mtoto aone chemchemi, kisha mrudishe kwa njia ya Msimbazi, akaone maji yale yale yakiwa meusi Vingunguti. Somo hilo halihitaji ubao.

Tumeona basi kwamba kufunga kabisa kunaacha msitu mikononi mwa mapanga, na kufungua ovyo kunauchakaza kwa miguu. Kati ya hayo mawili ipo njia nyembamba yenye kiingilio, kiongozi na kikomo. Itengenezwe sasa, kabla idadi ya wageni haijaongezeka, maana kuifunga njia iliyokwisha kuwa korongo ni kazi ngumu na ya gharama. Mwisho wa wiki hii, kama una nafasi, nenda ukatembee Pugu. Lipa, fuata njia, nunua chakula chako kwa jirani, shuka na takataka zako. Kisha siku utakapoona gunia la mkaa limefungwa nyuma ya pikipiki alfajiri, utakuwa unafahamu limetoka kilima gani.